Nimekupigia Tu

Mama mkubwa wangu aliuza dagaa kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sasa amepumzika nyumbani kwake Nyakato, mitaa ya nyuma ya stendi ya Buzuruga. Ana kaunta buku la kwaya mbili, jalada limevalishwa gazeti na nailoni, ambalo wajukuu wamepigwa marufuku kuligusa. Humo mna namba za simu. Hazikupangwa kwa alfabeti, zimepangwa kwa safari: ukurasa wa Goziba, ukurasa wa Nansio, kurasa nyingi za Mwaloni Kirumba, ukurasa wa Kongo. Na majina yake si ya kwenye kitambulisho. Yupo “anayecheka kabla hajasalimiwa”. Yupo “mama wa chai ya chumvi”. Yupo “fundi mitumbwi, kigugumizi, mpe muda”. Mwingine ameandikwa “mbishi wa mizani” basi, na chini yake, kwa wino wa rangi nyingine, pameongezwa: “ameokoka, bado mbishi”.

Jumapili, ibada ikishakwisha na vyombo vikishaoshwa, huchagua mmoja akampigia. Hana shida naye. Hamdai, hamkopi, hana msiba wa kumtaarifu wala harusi ya kumchangisha. Akiulizwa kulikoni, hujibu, “Nimekupigia tu.” Nimemtazama akifanya hivyo kila ninapokwenda likizo Mwanza, na nimeishia kuamini kwamba huu ni ufundi kamili, wenye zana zake na miiko yake, unaostahili kusifiwa kama tunavyowasifu wafinyanzi na wachonga mitumbwi. Ila chungu kikivunjika, vigae hubaki. Ufundi huu hauachi hata kigae.

Zana yake ni kiswaswadu, kile kisimu cha vibonyezo chenye tochi kichwani. Vijana wa nyumbani wamekwisha kumletea simu kubwa ya kupangusa, akaikabidhi kwa mtoto wa jirani achezee gemu. Namba haziingizi kwenye simu hata siku moja. Simu huibwa, anasema, lakini hajazaliwa mwizi wa daftari. Kwa hiyo hubonyeza tarakimu moja moja, miwani imeshikiliwa na uzi, akizitamka kwa sauti kana kwamba anahesabu visado. Akianza kuita, husimama. Huvua na kandambili. Siku moja nilimuuliza sababu ya kuvua kandambili, akanitazama kwa mshangao: “Sasa mwanangu, naingia kwa watu na viatu?”

Upande wa pili hupokelewa kwa mashaka, maana kwa umri wao macho hayaoni tena jina linalotokea kwenye kioo, na wengi walikwisha kuipoteza namba yake. “Haloo, nani mwenzangu?” Hapo ndipo fundi hujulikana. Mimi na wewe tungejitaja: jina, ukoo, tulikutana wapi, unanikumbuka? Yeye hajitaji. Huvuta pumzi, akapaza ile sauti aliyouzia sokoni miaka yote: “Wa jua hawa! Hawakuonja mvua!” Halafu ananyamaza. Kimya kinapita, kifupi, wakati mwingine kirefu mpaka mimi niliyekaa pembeni naanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha kiswaswadu kinapasuka kwa kelele za mtu mzima anayelia na kucheka kwa pamoja, kelele zinazosikika mpaka uani.

Anayejua biashara ya dagaa hahitaji kuelezwa. Dagaa aliyeanikwa masika akanyeshewa anaoza, ananuka, anageuka kuwa chakula cha kuku, na mwenye kumuuza hupunguza sauti. Mama mkubwa hakupunguza sauti hata msimu wa mvua, kwa sababu yeye alikuwa na kichaa cha kuwageuza dagaa wake kwa mkono, mmoja mmoja wanapong’ang’ania, hata wenzake walipokwisha kwenda kulala. Walimcheka. Walimwita majina. Sasa kituko hicho hicho ndicho kitambulisho chake, na hakijawahi kukataliwa popote.

Nasema kitambulisho kwa makusudi. Tunaishi zama za ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajaupata. Mtu asiyemjua anampigia bibi yako, anamtaja kwa majina yake matatu, anajua kijiji, anajua mtoto yupi yuko chuo, na anasema mtoto huyo amepata ajali. Jina, namba, hata sauti, vyote vinaibika siku hizi. Kisichoibika ni ule upuuzi wako mdogo ambao hukuuandika popote kwa kuwa uliuonea aibu. Tapeli atajuaje kwamba mwenzako wa zamani huongea na jiko linapogoma kuwaka? Atajuaje kwamba ulikataa kuvuka kwenda Ukerewe siku ya Jumanne, na hukuwahi kumwambia mtu kwa nini? Rafiki wa zamani ndiye aliyeachiwa ushahidi huo. Amekutunzia, na wala hakujua kwamba anatunza.

Katika utu uzima tunavifuta vituko hivi kwa bidii. Kazini Dar es Salaam nilijifunza kuongea Kiswahili kisichokuwa na ziwa ndani yake, maana Msukuma akifungua mdomo tu watu wa pwani wana la kusema. Nikajifunza kucheka wenzangu wanapocheka, ilhali mimi kwa maumbile huchelewa. Kichekesho hunifikia wengine wakishahamia hoja nyingine. Na nilikuwa na kituko kikubwa kuliko hivyo, ambacho mke wangu tu ndiye aliyekijua, na alidhani ni ndoto. Kabla ya kulala hutaja vituo vya barabara ya Musoma, kwa sauti ya chini, kama konda. Nilianza nikiwa bwenini, kidato cha kwanza, kwa kukumbuka nyumbani, na sikuacha.

Mwaka juzi, kwa kumwiga mama mkubwa, nilimtafuta aliyelala kitanda cha juu yangu bwenini hapo. Sasa ni mwalimu upande wa Kahama. Nilipata namba yake kwa kuzungukia watu, nikakaa nayo, nikaogopa kama anayekwenda kuposa. Mwishowe nikapiga. Alipokea, akanisikia nasema haloo, haloo moja tu ile ya kuburuza mwisho, na kabla sijatamka neno la pili akaanza: “Igoma! Kisesa! Magu!” Nikaitikia, nimesimama katikati ya ofisi na watu wakinitazama: “Nyashimo! Lamadi! Bunda!” Tukafika Musoma pamoja, yeye akiwa na chaki mkononi, mimi na tai shingoni. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ng’wanawane, bado hulali mpaka ufike?”

Sijawahi kusalimiwa vizuri kuliko hivyo.

Wazee wa ziwa hili waliijua salamu kuwa kazi, wala si mlango wa kuingilia kwenye kazi. Msukuma akishasema mwangaluka asubuhi au mwadila mchana, hajaanza hata robo. Bado kuna wa nyumbani, kuna ng’ombe, kuna mvua, kuna yule aliyeumwa mara ya mwisho. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, ikasubiri mpaka 1980 ndipo ikachapwa kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Msomaji mwenye haraka huchoka nayo upesi, kwa kuwa watu wake wanasalimiana na kukaribishana mpaka basi. Mimi naona ndicho alichokusudia kukihifadhi. Alijua kitakachoibwa kwanza.

Simu yenyewe ilipokuja haikuuua ufundi huu, na hili wanaolaumu mitambo hulisahau. Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa 1994, kumpigia mtu wa mkoa mwingine ilikuwa safari: unakwenda posta, unaandikisha, unangoja kuunganishwa, na jamaa mwenyewe ama awe na simu ya ofisini au aitwe. Walio wengi hawakuwa na hilo wala lile. Walikuwa na redio. Kadi ya salamu ilinunuliwa, ikajazwa majina ya watu na lakabu zao, ikapelekwa Radio Tanzania, na baadaye Radio Free Africa yenye makao yake huko huko Mwanza, kisha mtu akakaa na betri zake akingoja jina la mwenzake lisomwe. Wale watuma salamu walikuwa na vituko kupita kiasi na hawakuvificha. Walijipa majina makubwa makubwa, na taifa zima likawajua kwayo.

Ikaja Mobitel 1994, simu ya wenye nazo. Zikaja Vodacom 2000 na Celtel 2001, na dagaa wakaanza kuuzwa kwa sauti. Dakika ilikuwa ghali, vocha ilikwanguliwa kwa heshima, na kubipu kukawa lugha: mlio mmoja nimefika salama, miwili nipigie, mitatu mzigo umeingia. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku la mama mkubwa ni wa siku hizo. Namba zake zinaanza na 0744, na kila moja imesahihishwa kwa kalamu nyekundu kuwa 0754 mtandao ulipobadilisha. Alikesha usiku mzima akisahihisha, hakuruka hata moja, pamoja na za watu waliokwisha kumdhulumu.

Kwa nini hakuruka? Sikuwahi kumuuliza waziwazi, lakini najua alipojifunzia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu wakaishia majini. Miongoni mwao walikuwa wanawake wa biashara, wa ndizi na wa maharage, ambao yeye aliwazoea bandarini kwa utani na kukopeshana nauli. Wengine walizikwa Igoma, mwendo mfupi tu kutoka Nyakato kwa barabara ile ile ya Musoma, na mnara upo hapo. Orodha za majina ziliposomwa, mama mkubwa hakuweza kuwapata rafiki zake. Aliwajua kwa vicheko, kwa mitandio, kwa namna ya kukunja khanga. Majina ya tiketi hakuyajua. Nadhani ndiyo maana daftari lake linaandika mtu kwanza, jina baadaye, kama litakuwepo.

Miiko yake sasa. Wa kwanza ni kwamba halaumu. Sisi wengine tukimpata mtu aliyeadimika, neno la kwanza ni umepotea, la pili umenitupa, na mwenzetu anaanza kujitetea kabla hata hajafurahi. Mama mkubwa husema, “Nilipotea, nimerudi,” hata pale ambapo aliyepotea ni yule mwingine. Hili linamaliza dakika tano za visingizio. Mwiko wa pili ni kutosimulia magonjwa mpaka mwenzake aanze. Wa tatu hautamki, ila nimeuona: hamrekebishi mtu. Yule mbishi wa mizani akianza kubishana, naye humbishia, kwa bidii, juu ya kilo mbili za mwaka ambao hata wenyewe hawaukumbuki. Ningedhani mtu akishaokoka angeachwa apumzike. Kumbe kumwachia ushindi kungekuwa kumwambia kwamba amezeeka.

Na fundi mitumbwi. Nitakaa kidogo kwa huyu.

Ni mzee wa upande wa Nansio, na kigugumizi chake ni kile kinachoziba kabisa, hewa inasimama, unasikia tu mawimbi ya mtandao. Katika zile enzi za dakika ghali, wateja wake walipiga, wakamsikia ameziba, wakamalizia sentensi wao: mbao, sio? Misumari? Jumamosi? Akaishia kusema ndiyo kwa jambo ambalo siye aliyelitaka, na mitumbwi ikachongwa vibaya kwa sababu hiyo. Mama mkubwa alikuwa akipiga, akauliza, kisha akaiweka simu sikioni na kuangalia ukuta. Salio likakatika huku hakuna anayesema. Alimnunulia kimya chake kwa vocha. Hata leo, akimpigia Jumapili, mimi hujikuta nimebana pumzi, natamani kumsaidia mzee wa watu kulisukuma neno, na yeye amesimama peku akichezea ukingo wa khanga, hana wasiwasi wowote, kama anayengoja maji yachemke. Neno likija, linakuja lote. Mara nyingi ni mzaha. Kumbe mzee yule ni mcheshi kupita watu wote wa daftari lile, na walio wengi wameishi naye wasilijue hilo.

Watoto wangu wanasikiliza sauti za rafiki zao kwa mwendo wa moja na nusu. Simu zao zinaruhusu: mtu anakurekodia salamu, wewe unaikimbiza, anakuwa na sauti ya kuku, unapata alichotaka, unajibu kwa kidole gumba kilichochorwa. Nilimwona binti yangu akimfanyia hivyo bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akimpa pole ya mtihani. Sikusema kitu. Nilimfikiria fundi mitumbwi, nikajiuliza angekuwa nani kwa mwendo huo. Vile vituo vyake vyote vingerukwa.

Tusiwasingizie watoto peke yao. Ni sisi watu wazima tulioifanya simu ya rafiki wa zamani iwe kitu cha kukwepwa. Mtu mliyesoma naye shule ya msingi anakupigia baada ya miaka ishirini, anakuita ndugu yangu, anauliza familia bila kusubiri jibu, na kabla hujakumbuka sura yake umekwisha kuingizwa kwenye grupu la kamati ya harusi, na mweka hazina anakukumbusha ahadi ambayo hukuitoa. Mimi sipingi michango, harusi yangu ilichangiwa. Lakini tumefika mahali simu ikiita kutoka kwa mtu wa zamani, mkono unakwenda mfukoni kabla ya kwenda sikioni. Wengine hawapokei kabisa. Na kwenye magrupu hayo ya tuliosoma pamoja, akifa mmoja, watu mia wanaandika neno pole lile lile, wamelinakili kwa aliyetangulia, pamoja na kosa lake la herufi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake, tarehe 20 Januari 2020, daftari la Nyakato lilipata pigo. Mama mkubwa mwenyewe nusura azimiwe, maana vidole vyake vimelika kwa chumvi na magamba, na mashine ilivikataa mara kadhaa kabla ya kumtambua. Wenziwe wengi, vijijini na visiwani, hawakuwahi au hawakuona haja. Jumapili zilizofuata alikuwa akibonyeza namba baada ya namba na kuambiwa na yule dada wa mtandao kwamba mteja hapatikani. Alimjibu kila mara. “Asante mwanangu, nitajaribu tena.” Baadhi ya namba zimefufuka baadaye zikiwa za watu wengine: kijana wa bodaboda wa Katoro anapokea mahali pa mama wa chai ya chumvi. Walisalimiana naye vizuri, kijana hakukata, na nadhani amekwisha kupigiwa tena.

Ukurasa wa Kongo ndio unaomgharimu. Wanunuzi kutoka kule wamekuja Mwaloni miaka nenda rudi kuchukua dagaa na samaki wakavu, na mmoja wao, mama wa Goma mwenye tabia ya kubusu noti kabla ya kulipa, walizoeana mpaka wakalala chumba kimoja misimu ya mvua barabara zikikatika. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mama mkubwa alinunua vocha akawa anapiga asubuhi na jioni. Haikuita. Nilimwambia mitambo ya kule imezimwa, angoje. Akasema anajua, anapiga ili ikiwashwa tu imkute mlangoni. Siku ilipoita, nilikuwa naye kwa simu ya pili, kwa hiyo nilisikia nusu. Sikusikia neno vita. Nilisikia akiuliza, “Mama, zile noti zangu umezibusu?” na halafu muda mrefu akisema tu, eeh, eeh, eeh, sauti ikishuka kila mara. Mwisho akasema wabeja, kwa Kisukuma, kwa mtu ambaye Kisukuma chake chote ni neno hilo.

Mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka na tarakimu zinakosewa. Nimejitolea kumbonyezea, amekataa. Nimeomba niyanakili majina ya daftari kwenye kompyuta, yasije yakaliwa na mchwa, akaniuliza nitamwandikaje mbishi wa mizani, kwa jina lipi. Mjukuu wake wa kiume anayekaa naye ni kijana mwema, ndiye anayemletea dawa. Hununua kifurushi cha wiki chenye intaneti, na humo hupewa dakika nyingi za kupiga mitandao yote, nyingi kuliko ambazo bibi yake alizinunua kwa mwaka mzima alipokuwa akiuza Mwaloni. Nilimuuliza huwa anampigia nani. Akafikiri. Akasema dakika hizo huwa hazitumii, yeye anataka zile megabaiti. Kifurushi kikiisha muda wake, zinafutika zenyewe.